Hema jepesi kwa safari ya baiskeli: kuchagua, kupima na kufunga ukitokea Arusha au Moshi

Makosa mengi ya vifaa vya kulala nje huanzia dukani, pale mtu anapouliza hema lipi ni jepesi kabla hajajua atalala wapi na baiskeli yake ina nafasi kiasi gani. Hema la kilo moja na nusu likishindwa kuingia kwenye usukani litaishia mgongoni mwako, na kilo moja na nusu mgongoni kwa saa saba ni adhabu. Kwa anayeanzia Arusha au Moshi, vitu vinavyoharibu usiku ni vinne: umande, upepo wenye vumbi, miiba na jua kali. Orodha nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Ulaya zinahangaika na baridi, na kwetu baridi ni ya tano.

Mwongozo huu ni wa safari ya usiku mmoja hadi mitano, mtu mmoja au wawili, mzigo wote ukiwa juu ya baiskeli.

Hatua ya 1: Andika kila usiku utalala wapi

Chukua karatasi. Andika jina la mahali, kimo chake na mwezi. Jiji la Arusha liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini ya hapo, kati ya mita 700 na 950, na Ziwa Natron liko karibu mita 600. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi 6.5. Usiku ambao Moshi mjini ni nyuzi 16, aliyelala mita 2,000 upande wa West Kilimanjaro anaweza kuwa kwenye nyuzi 8 au 9.

Kisha andika tatizo la kila mahali. Marangu, Machame, Usangi na kwenye migomba yote ya milimani, tatizo ni maji: mvua, umande mzito na udongo unaoshika kila kitu. Longido, Engaruka na Natron ni upepo, vumbi na miiba ya migunga. Bwawa la Nyumba ya Mungu ni joto na mbu. Masika, Machi hadi Mei, barabara nyingi za udongo mweusi hazipitiki kwa baiskeli, tope hujaa kati ya tairi na foki mpaka gurudumu linagoma. Usinunue hema la kupambana na masika, badilisha tarehe. Juni hadi Agosti ni baridi na kukavu, na ndiyo miezi ya kupangia safari ya kwanza.

Hatua ya 2: Pima baiskeli kabla ya kupima hema

Azima futi ya fundi cherehani. Unahitaji vipimo vitatu.

Cha kwanza ni nafasi kati ya mikono ya usukani. Kwenye usukani uliopinda kama wa baiskeli za mashindano, pima kati ya breki na breki kwa ndani. Mara nyingi utapata sentimita 32 hadi 38. Kwenye usukani ulionyooka nafasi ni kubwa, lakini kumbuka waya za breki na gia. Cha pili ni kutoka chini ya usukani hadi juu ya tairi la mbele. Kama foki ina springi, ikandamize hadi mwisho kwanza ndipo upime, kwa sababu mzigo unaoning'inia vizuri ukiwa umesimama utasuguliwa na tairi ukiruka shimo. Acha angalau sentimita 5. Cha tatu ni kutoka reli za kiti hadi tairi la nyuma: begi la chini ya kiti linataka sentimita 20 au zaidi. Mtu mfupi mwenye magurudumu ya inchi 29 mara nyingi hana nafasi hiyo, na afadhali aende moja kwa moja kwenye keria.

Hatua ya 3: Hema

Hapa ndipo pa kutumia muda na pesa.

*Urefu wa fito zikiwa zimekunjwa.* Hiki ndicho kipimo ambacho wauzaji husahau kukitaja na ndicho kinachoamua kila kitu. Fito za hema la kawaida hukunjwa hadi sentimita 40 au 50. Big Agnes, MSR na Nemo hutengeneza matoleo ya baiskeli yenye fito fupi. Za Big Agnes hufika sentimita 30 hivi. Ukipata hema zuri lenye fito ndefu usilitupe: toa fito kwenye mfuko, zifunge peke yake kwenye bomba la juu la fremu kwa vipande vya tyubu, halafu kitambaa kikunje kwa upana unaotaka. Hema si lazima lisafiri kama furushi moja.

*Uzito.* Lebo nyingi huandika uzito wa aina mbili. Mmoja ni wa hema na fito tu, mwingine ni wa kila kitu pamoja na vigingi, kamba na mifuko. Wa pili ndio wako. Hema la mtu mmoja lisizidi kilo 1.5, la wawili kilo 2. Lipime mwenyewe, Mangi wa dukani ana mizani ya sukari na hatakataa. Mahema ya kupanda mlima yanayokodishwa Moshi ni imara kweli, lakini yametengenezwa kubebwa na mpagazi, na kilo 4 au 5 kwenye baiskeli ni nyingi mno.

*Linalosimama lenyewe au la kuvutwa kwa vigingi.* Hema linalosimama lenyewe unaweza kuliweka kwenye baraza la shule, kwenye sakafu ya saruji ya ofisi ya kijiji, juu ya mwamba. La kuvutwa kwa vigingi ni jepesi zaidi, mara nyingi chini ya kilo 1.1, lakini linadai ardhi inayoshika na fimbo ya sentimita 110 hadi 125 ya kulisimamisha. Kwa njia za huku, ambako usiku mwingi utalala kwenye uwanja wa mtu au wa taasisi, linalosimama lenyewe linastahili gramu 400 za ziada.

*Tabaka mbili.* Mtu aliyelala hutoa unyevu usiku kucha, na hewa ya milimani ina unyevu wake. Hema la tabaka moja huamka likiwa limelowa kwa ndani na matone yanakudondokea. Chagua lenye tabaka la ndani la wavu na la nje la kuzuia mvua. Lakini angalia wavu umeanzia wapi. Ukianzia sakafuni, upepo wa Natron utapitisha vumbi chini ya tabaka la nje na kulimwaga usoni kwako. Tafuta hema ambalo sentimita 20 au 30 za kwanza kutoka sakafuni ni kitambaa kizima.

*Kitambaa.* Tabaka la nje likiandikwa milimita 1,200 hadi 1,500, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa huzuia kabla hakijavuja, linatosha mvua za huku. Sakafu iwe 3,000, kwa sababu goti na kiwiko hukandamiza maji kupita. Nailoni ni imara kwa kuchanika lakini hulegea ikilowa, hivyo utaamka usiku kukaza kamba. Poliesta hailegei na huvumilia jua vizuri zaidi. Kwa jua letu hilo si jambo dogo: kitambaa chembamba kikiachwa kimesimama juani kila siku hufifia, kisha huchanika kama karatasi. Kunja hema asubuhi hata kama utalala hapohapo siku mbili.

*Rangi.* Kijani, kijivu au kahawia. Epuka bluu iliyokoza na nyeusi kwenye maeneo yenye mbung'o, rangi hizo huwavuta.

Ukinunua la mtumba

Hema zuri hupatikana kwa bei ya kueleweka kwenye mitumba, iwe soko la Memorial pale Moshi au kule Arusha, au kwa mtu aliyeachiwa vifaa na wageni waliomaliza mlima. Likague kwa mpangilio huu, na usione aibu kulisimamisha palepale.

Nusa kwanza. Harufu kali ya uchachu, kama ya matapishi, maana yake ni kwamba mpako wa ndani wa kuzuia maji umeanza kuoza. Pitisha kiganja ndani ya tabaka la nje: likinatanata au likiacha unga mweupe vidoleni, liache. Hakuna dawa ya hapo, hata likioshwa mara kumi.

Kisha inua kitambaa dhidi ya jua utafute matobo. Kunja kipande kama kikombe, mimina maji, subiri dakika mbili, halafu kandamiza kwa kidole kutoka chini. Maji yakitokeza kwenye kitambaa, mpako umekwisha. Yakitokeza kwenye mshono tu, linatibika. Mshono wa kitambaa chenye mpako wa silikoni unatibiwa kwa silikoni tu. Gundi nyingine haishiki. Nunua silikoni safi isiyo na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ilainishe kwa tapentaini hadi iwe kama uji mwepesi, paka kwa brashi ndogo, acha usiku mzima, kisha nyunyiza poda ya mtoto ili mikunjo isigandane.

Fito ziwe za alumini. Zile za nyuzi za kioo hupasuka kwa urefu na kukuacha na vijimwiba mkononi. Vuta kamba ya mpira iliyo ndani: isiporudi, inabadilishwa, si sababu ya kuacha hema.

Mwisho ni zipu, na hapa angalia kwa karibu sana. Funga polepole huku ukitazama nyuma ya kichwa cha zipu. Meno yakijipanga na kufunga, halafu yakafunguka sentimita chache nyuma, watu husema zipu imekufa. Mara nyingi meno ni mazima. Kilicholika ni kichwa, kwa sababu vumbi limekisugua mpaka nafasi yake ya ndani imepanuka, hakibani tena. Bana kidogo pande zake mbili za nyuma kwa koleo, robo ya milimita tu, ujaribu tena. Itakupa miezi. Baadaye fundi mabegi atakubadilishia kichwa bila kugusa meno. Ukiwa safarini kwenye vumbi, osha zipu kwa maji na mswaki wa zamani kila baada ya siku mbili. Usipake mafuta, hugeuka gundi ya vumbi.

Hatua ya 4: Vigingi, kamba na cha kutandika chini

Vigingi vinavyokuja na hema mara nyingi ni sindano nyembamba. Udongo mwekundu wa Juni ni mgumu kama tofali na huvipinda. Beba 8 vya alumini vyenye umbo la Y, urefu sentimita 15 hadi 18, na viwili vya akiba. Karibu na volkano ya Ol Doinyo Lengai hali ni kinyume, majivu na mchanga havishiki kigingi chochote. Jaza mchanga kwenye mfuko mdogo, funga kamba katikati, uzike kina cha sentimita 20 au 30 na ushindilie. Penye mawe, funga kamba kwenye jiwe kubwa, lakini weka kipande cha tyubu kati ya kamba na ncha kali.

Chini tandika nailoni nzito iliyokatwa ndogo kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 5 kila upande. Ikizidi nje itakinga mvua na kuipeleka chini yako. Kabla ya kuitandika, pitisha mkono uliovaa glavu au soli ya kiatu juu ya ardhi yote: mbigili hauonekani ila kwa kuugusa, na mmoja unatosha kutoboa sakafu na godoro kwa pamoja.

Hatua ya 5: Malazi

Begi la kulalia lina namba mbili au tatu za joto. Soma ile ya kulala kwa raha, achana na ile ya mwisho wa uvumilivu. Kwa Juni hadi Agosti kwenye miteremko ya juu, raha ya nyuzi 5 inatosha. La manyoya ya bata litakuwa na gramu 600 hadi 700, la nyuzi za viwandani karibu kilo 1.2. Manyoya yakilowa hayana joto, kwa hiyo yawekwe kwenye mfuko usiopitisha maji bila kukosa. Mabegi ya mlimani yanayokodishwa ni ya baridi kali na hujaza nusu ya baiskeli. Tambarare, Natron au Nyumba ya Mungu, acha begi nyumbani: kikoi na shuka moja vinatosha, na shuka hilohilo ni zulia mchana na koti alfajiri.

Kwa godoro, la sponji linalokunjwa lina gramu 400 hivi na halijui kupasuka. La kupuliza ni laini zaidi, dogo zaidi likikunjwa, na linaogopa miiba. Kama njia yako inapita kwenye migunga, chukua sponji. Ukiling'ang'ania la kupuliza, beba viraka vyake na kipande cha sabuni: maji ya povu ndiyo yanayoonyesha tundu.

Hatua ya 6: Maji na jiko

Swali la jiko lina jibu fupi: kwa njia nyingi za huku huhitaji. Kila senta ina mama ntilie, chapati asubuhi na wali maharage mchana. Beba karanga, ndizi na maandazi ya jioni moja. Jiko lina maana unapokwenda sehemu usiyo na hakika ya kula. Hapo chukua la gesi la gramu 100 na mtungi mdogo wa kuskrubu, unaopatikana kwa wanaohudumia wapanda mlima. Gramu 100 za gesi huchemsha lita 5 hadi 7 pasipo upepo, na kwenye upepo nusu ya hapo, kwa hiyo tengeneza kizuizi cha bati jembamba lakini usiuzungushie mtungi wote, ukipata joto unalipuka. Usipikie ndani ya hema kwa hali yoyote: moto hushika kitambaa kwa sekunde, na hewa ya sumu haina harufu.

Maji ni jambo zito kuliko jiko. Panga lita 5 hadi 6 kwa mtu kwa siku kwenye nyika, na kati ya Engaruka na Engare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, usitegemee kupata njiani. Chujio au vidonge vya klorini huondoa vijidudu vingi. Haviondoi floraidi, na kuchemsha hakuondoi. Maji ya kuzunguka Mlima Meru, Ngare Nanyuki ikiwemo, yana floraidi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Siku mbili hazitakudhuru meno, lakini kama una nafasi ya kununua maji ya chupa au kujaza ya mvua, fanya hivyo.

Hatua ya 7: Kufunga

Kizito kiwe chini na katikati: maji, vifaa vya fundi na chakula kwenye begi la ndani ya fremu. Usukani usibebe zaidi ya kilo 3, ukizidi mikono huchoka na baiskeli hukataa kona. Hapo weka hema. Begi la chini ya kiti lijazwe malazi na nguo, lishindiliwe hadi liwe gumu. Likiwa na hewa litayumba kama mkia kila unapokanyaga. Chupa za lita 1.5 zikae kwenye foki, kila upande moja.

Begi la dukani si lazima. Fundi cherehani anayeshona maturubai atakutengenezea begi la fremu ukimpa kiolezo cha boksi kilichokatwa kufuata fremu, kipungue sentimita moja kila upande ili magoti yasiguse. Keria ya chuma ina kilo moja na zaidi lakini haina ubishi, na mipira ya tyubu kuukuu inafunga kuliko mikanda mingi ya bei. Bandika utepe wa umeme kila mahali mzigo unapogusa rangi au waya. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, kitambaa chenye vumbi husugua kama msasa, na siku mbili zinatosha kula rangi hadi chuma.

Simama baada ya kilomita moja, kaza. Simama tena baada ya 10.

Hatua ya 8: Usiku wa majaribio

Lala uwanjani kwako au kwa ndugu kabla ya safari. Mwagia hema ndoo mbili za maji, uingie na tochi. Simamisha hema mara tatu, ya mwisho gizani. Ikikuchukua zaidi ya dakika 10 rudia. Kila kitu ambacho hukukigusa usiku ule, isipokuwa vifaa vya dharura, kibaki nyumbani.

Vya dharura ni hivi: kipande cha bomba jembamba la alumini cha sentimita 10 kinachovalishwa kwenye fito (antena ya zamani ya TV inafaa) kwa ajili ya kuunga iliyovunjika, utepe wa kubandika uliozungushiwa kwenye pampu, sindano na uzi wa nailoni, mita 5 za kamba.

Hatua ya 9: Mahali pa kulisimamisha

Fika saa moja kabla ya jua kuzama. Piga hodi kwanza: mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji akijua upo, umelala salama, na mara nyingi utaonyeshwa pazuri kuliko ulipopaona. Ndani ya hifadhi na maeneo ya wanyama hulali bila kibali. Enduimet, eneo la wanyama la West Kilimanjaro, kuna tembo, na matunda ndani ya hema ni mwaliko. Viatu na chochote cha ngozi viingie ndani, fisi hutafuna.

Usilale kwenye korongo hata kama ni kavu na mchanga wake ni laini, mvua iliyonyesha mlimani usiyoiona inaweza kushuka usiku. Chini ya migomba matone hayakati mpaka saa tatu asubuhi. Chini ya mgunga ni miiba. Milimani wakati wa mvua, kagua njia za siafu, na zipu ya ndani ifungwe muda wote.

Penye upepo, kigingi cha kwanza kipigwe upande unakotoka upepo kabla hujaingiza fito hata moja, mlango utazame unakokwenda. Asubuhi tikisa umande, kunja tabaka la nje peke yake na lifungwe nje ya mzigo. Ukisimama kula saa sita, litandaze juu ya baiskeli dakika 15 likauke pande zote. Ukifika nyumbani lining'inize kivulini siku nzima, kisha lihifadhi likiwa limelegezwa kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa, si kwenye kile kimfuko chake cha safari. Hema lililofungwa na unyevu kwa wiki mbili Marangu hutoka na madoa meusi ya ukungu, na hayo hayatoki.